Kadi ya Kijani: Msimulizi Asiyetaja Sababu

Kadi ya kijani, yaani rejesta ya shamba inayotunzwa katika ofisi ya ardhi, ni kazi ya maandishi kama nyingine. Ina muundo, ina msimulizi, ina lugha yake, na ina mambo inayoyanyamazia. Katika ofisi za ardhi za Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, wanaoifuata ni mawakili, maafisa wa benki, madalali, na wanafamilia wanaotaka kujua kama shamba la marehemu lingali kwa jina lake. Wengi hutafuta jina la mwisho, wakalipata, wakaondoka. Makala haya yanaisoma kadi yenyewe, kwa sababu umbo lake limeamua mengi ambayo tumezoea kuwalaumia watu.

Umbo hilo lilitokana na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300, iliyoanza kutumika Septemba 1963, miezi mitatu kabla ya uhuru. Kila kipande cha ardhi kilipewa rejesta yake, na kila rejesta ikagawanywa sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi: eneo la usajili, nambari, ukubwa, na karatasi ya ramani. Sehemu B inawataja wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Sehemu C ni ya mizigo: rehani ya benki, haki ya mtu kupita, na mengineyo yanayolibana shamba. Mpangilio huu unafuata mantiki ya hadithi: mandhari kwanza, wahusika baadaye, migogoro mwisho. Lakini tofauti na hadithi nyingi, hapa mandhari ndiyo mhusika mkuu. Shamba linabaki; watu wanaingia na kutoka.

Tutunge kadi ya mfano, ya shamba lililo katika eneo la usajili la East Bukusu/South Kanduyi, Bungoma. Sehemu B ina mistari minne. Wa kwanza una tarehe, jina la mzee mmoja, sanduku lake la posta na sahihi ya msajili. Wa pili umeandikwa miaka thelathini baadaye kwa mwandiko mwingine na wino mwingine: majina ya wanawe wawili, na katika safu ya malipo na maelezo pana alama ya fomu ya R.L. 19 na nambari ya kesi ya mirathi. Wa tatu una majina yaleyale mawili, safari hii kwa alama ya R.L. 7. Wa nne hauna jina la mtu. Unasema tu kwamba shamba limegawanywa, rejesta imefungwa, na nambari mpya ni hizi na hizi.

Katika masimulizi yote hayo, mzee hafi popote. Anakoma tu kuwa jina la mwisho. Hakuna kitenzi kinachomhusu, wala cha kuuza, wala cha kuaga dunia, wala cha kuachia. Nacho kitovu cha kisa kimefichwa mahali ambapo msomaji mwenye haraka angedhani karani amerudia kazi, yaani majina yaleyale mara mbili. Katika mstari wa pili wana hao wanashikilia shamba kwa niaba ya marehemu na warithi wake wote. Katika mstari wa tatu shamba ni lao. Dada zao, kama wanapinga, wanapinga kile kilichotokea kati ya mistari hiyo miwili. Familia yaweza kukaa mahakamani miaka mingi kwa jambo ambalo kadi imelibeba kwa herufi mbili na tarakimu.

Safu ya malipo na maelezo inastahili kusomwa peke yake. Waliobuni kadi waliweka mambo mawili katika kisanduku kimoja chembamba: bei iliyolipwa, na lolote jingine linalohitaji kusemwa. Bei ikiwepo, maelezo hayapati nafasi. Bei isipokuwepo, huandikwa neno moja la zawadi au alama ya fomu. Baba aliyemkatia mwanawe ekari mbili kwa hiari yake, na baba aliyefanya hivyo baada ya kubanwa na ukoo mzima, wote kadi huwaandikia neno lilelile. Msimulizi wetu anajua nani, lini na kwa kiasi gani. Kwa nini, hajui, na hakupewa nafasi ya kuandika hata kama angejua.

Mstari wa kwanza nao si mstari wa kawaida. Kifungu cha 143 cha sheria ile ya 1963 kiliiruhusu mahakama kurekebisha rejesta palipokuwa na ulaghai au kosa, ila usajili wa kwanza haukuguswa. Yaani simulizi yote iliweza kuhojiwa, isipokuwa mwanzo wake. Mahali ambapo mwanzo ulitoka katika kamati za uamuzi wa ardhi, jina moja la kaka mkubwa liliweza kusimama badala ya nyumba tatu, nalo likawa gumu kama mwamba. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliondoa ngao hiyo, lakini kadi zilizofunguliwa chini ya sheria ya zamani hazina alama yoyote ya kumwonyesha msomaji kwamba mstari wa kwanza sasa unahojika kama mingine.

Ukivuka kwenda Kitale, fani ileile inasimulia kisa tofauti. Katika skimu za makazi za Trans Nzoia, Sehemu C ndiyo iliyobeba uzito: mkulima mpya aliandikwa katika Sehemu B, na papo hapo deni la mfuko wa serikali wa makazi, uliomkopesha pesa za kununulia shamba, likaandikwa katika Sehemu C. Huko Bungoma mvutano ni wa nani atajwe. Huku ni wa lini deni litafutwa ili hatimiliki itoke.

Linganisha pia nambari. Nambari ya Bungoma hutaja eneo la usajili. Shamba likikatwa, vipande huchukua nambari zinazofuata zilizo wazi katika eneo zima, kwa hiyo nambari mbili zinazofuatana zaweza kuwa za mashamba yasiyopakana kabisa. Mashamba makubwa ya walowezi karibu na Kitale yalisajiliwa chini ya sheria za zamani zaidi, kwa nambari za L.R. (Land Reference). Hayo yakikatwa, kila kipande hubaki na nambari ya asili, kisha mkwaju na tarakimu. Kipande hicho kikikatwa tena, vipya huchukua tarakimu nyingine chini ya nambari ileile ya asili. Basi nambari ya Kitale humtaja babu lakini haimtaji baba. Ya Bungoma hutaja eneo na haimtaji hata babu. Nayo nambari mpya haizaliwi mpaka shamba likatwe rasmi; ndiyo maana wanahisa wa kampuni iliyonunua shamba la mlowezi wanaweza kuishi juu yake miongo kadhaa wakiwa na vyeti vya hisa tu. Kwenye rejesta shamba halijazaa, na jina ni la kampuni.

Ubora wa kadi ni kwamba haikusudiwi kufuta. Ingizo lililopitwa na wakati hubatilishwa, huku likibaki linasomeka chini ya mstari uliolikata. Lakini sheria ya 1963 iliacha mlango wazi: msajili aliruhusiwa kufungua toleo jipya la rejesta likionyesha maingizo yenye nguvu pekee. Kadi ikijaa au ikichakaa, toleo la pili huanza likiwa safi, na tarakimu ya toleo ndiyo inayomdokezea msomaji kwamba kuna kurasa zilizotangulia. Asiyejua maana ya tarakimu hiyo atadhani anasoma hadithi nzima.

Waandishi wa programu wamekutana na tatizo hilihili la kutunza historia. Git, mfumo wa kutunza matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, huhifadhi kila badiliko kwa rekodi inayotaja rekodi iliyoizaa, mwandishi, wakati na ujumbe. Utambulisho wa rekodi, ambao kwa kawaida ni herufi na tarakimu 40, hukokotolewa kutokana na yaliyomo. Historia yaweza kuandikwa upya, ila rekodi zilizoandikwa upya hupata utambulisho mpya, na mwenye nakala ya zamani atagundua. Lililo muhimu zaidi kwa mhakiki ni kwamba mwongozo wa wachangiaji wa mradi huo unadai ujumbe ueleze tatizo lilikuwa nini na kwa nini limetatuliwa hivyo. Hati zinazoeleza undani wa mfumo nazo hazikuachwa nyuma. Mwaka 2022, katika toleo la 2.38, maelezo kadhaa ya miundo ya ndani yaliyokuwa yamekaa katika folda ya kiufundi yaliingizwa katika kurasa za mwongozo ambazo mtumiaji yeyote hufungua.

Kadi ya kijani haina kurasa kama hizo. Alama za R.L. zilitoka katika sheria iliyofutwa mwaka 2012. Kanuni za usajili wa ardhi za 2017 zikaleta fomu nyingine zenye alama za LRA. Kadi moja yaweza kubeba zote, mstari juu ya mstari, na hakuna popote usoni mwake panapomweleza mjane wa Kimilili au Kiminini kwamba R.L. 19 si umiliki kamili. Ufafanuzi umo katika vitabu vya sheria, kwa Kiingereza, mbali na dirisha la ofisi ya ardhi.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, iliamua kwamba amana ya kimila, yaani mwenye jina kulishikilia shamba kwa niaba ya jamaa, hulibana shamba hata kama haikuandikwa kwenye rejesta. Kwa mhakiki wa fani, uamuzi huo unakiri kwamba kadi ina ukimya wenye nguvu ya kisheria. Kaka asiyetajwa yumo. Tatizo ni kwamba kumthibitisha kunahitaji mashahidi, nao wazee wanazidi kuondoka.

Mfumo wa kidijitali wa ardhi, Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia Nairobi, umefungua nafasi ya kuandika upya fani hii. Hukumu yangu ni hii: kuhamisha kadi kwenye kompyuta bila maingizo yaliyobatilishwa, bila matoleo ya awali na bila rejesta zilizofungwa, kutakuwa ni kufungua toleo jipya la nchi nzima kwa mkupuo mmoja. Na kuhamisha yote hayo bila mwongozo wa Kiswahili unaofafanua kila alama, ya zamani na ya sasa, ni kuhamisha fumbo kutoka kabatini hadi kwenye skrini. Safu ya malipo na maelezo igawanywe mara mbili, bei ipate kisanduku chake na sababu ipate chake, na sababu iandikwe kwa sentensi kamili.

Nawe msomaji unayefuatilia shamba Bungoma au Kitale, usitosheke na cheti cha sachi, yaani cha upekuzi wa rejesta, kwa maana hicho hukuonyesha hali ya leo tu. Omba nakala iliyothibitishwa ya kadi yenyewe, uombe na ya rejesta iliyofungwa kabla yake kama shamba lilikatwa. Sheria inakuruhusu, na nakala hizo hupokelewa mahakamani kama ushahidi.