Vitu Juu ya Meza: Uchoraji wa Rangi za Mafuta na Insha ya Wasifu

Katika safu hii tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii tunatoka kidogo nje ya fasihi na kuingia katika uchoraji, kwani tumeona humo jambo linalowahusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Tunakusudia kujadili picha ya vitu tuli, yaani picha isiyo na watu wala tukio, bali vyombo na matunda yaliyopangwa mezani. Waingereza huiita kwa jina lenye maana ya uhai uliotulia, ilhali Wafaransa huiita maumbile yaliyokufa. Kwa kuwa Kiswahili hakijawa na jina lililozoeleka, tutatumia hilo la "vitu tuli" hadi wasomaji watakapotupatia lililo bora.

Picha tunayoihakiki ilichorwa Mbuya, kilima kilicho mashariki mwa jiji la Kampala. Mbuya ndiko yaliko makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, na kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi kwa miaka mingi, kukisikia huko si ajabu. Mchoraji mwenyewe aliomba tusimtaje jina. Alitukaribisha mara tatu katika chumba anachofanyia kazi, nasi tukaona picha ikianza, ikiharibika na kutengenezwa upya. Mezani alikuwa ameweka sufuria kuukuu, kibuyu, kichana cha bogoya na gonja mbili. Nyuma yake alitundika kitambaa cha gome la mutuba.

Rangi za mafuta zina taratibu zake, na asiyezifuata huumbuka. Kitambaa cha turubai huwambwa kwenye fremu ya mbao, kikapakwa gundi na kisha rangi nyeupe ya msingi. Juu yake mchoraji huweka mistari michache kwa makaa, halafu tabaka la kwanza la rangi iliyopunguzwa kwa tapentaini. Tabaka zinazofuata huongezewa mafuta ya kitani kidogo kidogo. Mpangilio huo haugeuzwi, kwa sababu mafuta hayakauki kama maji. Hayo hukauka polepole kwa kuingiliana na hewa, na tabaka lenye mafuta mengi likitangulia chini, la juu litakauka kabla yake na kupasuka. Kwa hiyo mchoraji hupaka leo, akasubiri siku kadhaa, akarudi.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Rangi hukauka polepole, lakini bogoya haisubiri. Tulipokwenda mara ya kwanza ilikuwa na ukijani kwenye shina. Mara ya pili ilikuwa njano tupu. Mara ya tatu ilikuwa na madoa meusi. Tulimuuliza mwenyeji wetu kwa nini hakununua kichana kingine. Alijibu, "Walimu wangu, nikinunua nyingine nitakuwa nachora ndizi ya jana kwa macho ya leo." Badala yake alikwangua rangi kwa kisu na kuichora ndizi upya, pamoja na madoa yake. Kwa maoni yetu, sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote katika picha nzima. Mtu akiitazama anajua kwamba ni bogoya, na anajua kwamba kesho haitalika.

Aidha, kuna suala la mwanga. Vitabu vya Ulaya humshauri mchoraji achague dirisha linaloelekea kaskazini, kwa kuwa kule jua la mchana huwa upande wa kusini siku zote, na mwanga wa kaskazini haubadiliki sana. Ushauri huo haufai Mbuya. Ikweta inapita kusini kidogo tu ya Kampala. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mchoraji wetu aliufuata ushauri wa vitabu, akashangaa mwezi Juni jua lilipoingia ndani na kuvifuta vivuli vyake. Siku hizi hutundika shuka jeupe dirishani na kufanya kazi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi.

Mjadala huu si mgeni Kampala. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, hakupenda kuwakalisha wanafunzi mbele ya vitu. Aliwasimulia kisa, nao wakachora kile walichokiona akilini. Cecil Todd, aliyeshika nafasi yake baadaye, alisisitiza nadharia ya rangi na kuchora kwa kutazama. Wako watakaosema kwamba picha ya Mbuya ni ushindi wa Todd. Hatukubaliani nao. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora kwa mafuta mwaka 1956 picha ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mwaka 1960 picha hiyo ikaingia katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Maisha ya kwao Ntiro aliyabeba kichwani, hakuyapanga mezani. Kwa hiyo kosa halimo katika kuchora kwa kumbukumbu. Kosa limo katika kuchora kwa kumbukumbu ya mtu mwingine.

Na hilo ndilo kosa tuliloliona Mbuya. Kitambaa cha gome kilichotundikwa nyuma hakikutazamwa hata kidogo. Mchoraji alikichora kwa haraka, rangi moja ya kahawia, kama kinavyochorwa katika picha nyingi zinazouzwa kwa watalii. Mshono wake hauonekani, wala mikunjo. Kimewekwa ili picha ionekane ya Uganda, ilhali bogoya lenye madoa lilikwisha kuifanya kazi hiyo.

Wanafunzi wetu hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi wa Kampala akiambiwa aandike insha ya wasifu, hutuletea upepo wa bahari, minazi na methali tatu alizokariri, hata kama hajawahi kufika Mombasa wala Dar es Salaam. Mezani kwao kuna ndizi, lakini haandiki juu yake. Na akiiandika, neno lenyewe linamtatiza: kwa Kiganda "ndiizi" ni aina moja tu, ile ndogo tamu, ilhali kwa Kiswahili ndizi ni zote. Badala ya kuliona hilo kuwa kikwazo, tulifanye somo. Tulinganishe matooke, bogoya, gonja na mbidde na majina ya Kiswahili kama kisukari, mzuzu na mkono wa tembo, tuone ipi inalingana na ipi na ipi haina mwenzake.

Tunapendekeza kwa walimu zoezi moja. Wekeni vitu vitatu mezani, wanafunzi waviandike Jumatatu, kisha wavirudie Ijumaa bila kubadilisha tunda. Wafute yasiyo kweli tena. Sentensi ambayo ingeweza kuandikwa bila kuitazama meza ikatwe, hata kama ina methali nzuri. Sisi tumekwisha kuanza, na insha za Ijumaa ni fupi kuliko za Jumatatu.