Paa la Msikiti Mkuu wa Kilwa lilisimamaje?

Wageni wengi wanaovuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani huutazama Msikiti Mkuu kama gofu la kupigia picha tu. Nawashauri waingie na swali moja la kifundi: paa hili lilibebwa na nini?

Katika majengo ya kale ya mwambao, aliyeamua upana wa chumba alikuwa mti wa mkoko. Boriti yake hairuhusu upana mkubwa zaidi ya mita tatu hivi, maana juu yake hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa nzito. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Aliyetaka ukumbi mpana hakuwa na budi kusimamisha nguzo. Sehemu kongwe ya msikiti, upande wa kaskazini, ilijengwa hivyo: nguzo 9 katika safu tatu, na paa la bapa juu yake. Leo haina paa.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, aliupanua msikiti kuelekea kusini. Dhahabu kutoka bandari ya Sofala ilikuwa ikipitia Kilwa, na fedha ya kujengea haikukosekana. Mafundi wake walitumia nguzo ndefu zilizochongwa kila moja kwa jiwe zima la tumbawe. Zilipendeza, lakini upanuzi ule haukudumu: ulianguka.

Waliojenga upya katika karne ya 15 ndio ninaowavulia kofia. Waliacha nguzo za jiwe moja, wakajenga za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa, wakaziunganisha kwa matao, kisha wakafunika nafasi zilizo kati yake kwa kuba na mapaa ya mviringo. Tao hulisukuma jiwe dhidi ya jiwe, na uzito wote hushuka hadi kwenye nguzo. Boriti hujipinda na kuliwa na mchwa. Tao la mawe halina ubao wa kuliwa. Kuba zilizobaki bado zinasimama.

Sogea karibu na ukuta uangalie mawe yenyewe. Fremu za milango na mihrabu ni tumbawe la baharini, lililokatwa likiwa bichi na laini, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Vitundu vyake vidogo vidogo vinaonekana kwa macho. Ukuta wenyewe ni jiwe la nchi kavu, gumu na lenye sura mbaya, lililofichwa kwa lipu ya chokaa.

Hapo ndipo ukarabati unapohitaji uangalifu. Chokaa huruhusu unyevu kutoka, lakini saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na jiwe huanza kumomonyoka. UNESCO iliingiza Kilwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikaiweka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kuitoa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuokoa magofu.

Chukua kibali Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, utafute mwenyeji wa kukuongoza, na usipande ukuta wowote. Lipu ikibanduka, mvua huingia moja kwa moja ndani ya ukuta.