Kwani hakuna aliyemuuliza Kazimoto?

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilipanda basi la usiku, asubuhi nikashuka Mwembe Tayari na begi moja, ndani yake Kichwamaji, kitabu cha maktaba ambacho mpaka leo sijakirudisha. Nyumbani nilisema ni karo. Haikuwa karo.

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1974, tulisomeshwa kama mfano wa udhanaishi: maisha hayana maana, toa hoja tano. Nilizitoa, nikapata alama nzuri. Wiki hizo hizo nilikuwa silali, na kutoka hosteli kwenda kula ilikuwa kazi. Darasani hakuna aliyetaja jambo lililo wazi: Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na mwishowe anajiua.

Nimekisoma tena mwezi huu, naona tulimkosea. Kabla ya kuwa falsafa, Kazimoto ni kijana aliyerudi likizo. Tunakutana naye ofisini kwa mkuu wa wilaya, Manase, rafiki yake wa zamani, akingoja aitwe ndani. Angoja sana. Kungoja huko nakujua. Nilikaa mara mbili kwenye benchi la mshauri wa wanafunzi, mlango umefungwa. Mara ya tatu sikwenda.

Nguvu ya kitabu ni kwamba Kazimoto anajisimulia mwenyewe. Sisi wasomaji twajua yanayopita kichwani mwake. Wanaoishi naye hawajui. Anatania, anabishana, anaoa. Ungekutana naye kampasi ungesema huyu yuko sawa kabisa.

Udhaifu upo kwa dadake, Rukia, aliyepewa mimba na Manase. Naye ana kichwa chake, lakini hatuingizwi humo. Maumivu ya kaka yanakuwa fikra, ya dada yanabaki tukio.

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Ni hatua kubwa. Lakini hukumu haiwezi kumuuliza mtu kama amelala.

Mamangu nilimwambia ukweli juzi. Alinyamaza, kisha akasema: “Kwani huko kote hakuna aliyekuuliza?”

Walimu, endeleeni kusomesha Kichwamaji. Ila kabla ya zile hoja tano, uliza darasa lako hali. Na wewe uliyefika pale alipofika Kazimoto, usingoje kuitwa ndani. Mwambie mtu mmoja, leo.