Darubini "Isiyopitisha Maji": Neno Moja kwa Mambo Matatu

Kimetufikia kijitabu cha maelezo ya darubini ya bunduki ya kuwindia, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wawindaji na askari wa wanyamapori. Hatutamtaja mtengenezaji wala mfasiri, kwani makosa tuliyoyaona humo si ya mtu mmoja. Sarufi ya mfasiri ni safi na sentensi zake zasomeka bila kukwaza. Lakini amelitwika neno moja mzigo wa maneno matatu, na atakayeumia ni msomaji aliyeko porini wakati wa masika.

Neno lenyewe ni "isiyopitisha maji". Kwanza limetumika kueleza mwili wa darubini, kisha kioo cha nje, na mwishoni dawa ya kupangusia lenzi. Mwili hauingii maji kwa sababu viungo vyake vimezibwa kwa pete za mpira. Ndani yake hewa yenye unyevu imeondolewa, na mahali pake pamejazwa gesi kavu, kama naitrojeni, ili lenzi zisishike mvuke kwa ndani. Hapo "isiyoingia maji" yatosha.

Kioo cha nje ni jambo jingine kabisa. Nani aliwahi kuona mvua ikipenya kioo cha dirisha lililofungwa? Lenzi haipitishi maji hata isipopakwa kitu. Shida ya mwindaji ni kwamba maji hutuama juu yake, na kila tone hupinda mwanga kama lenzi ndogo, hata mnyama akaonekana amevurugika. Kilichoongezwa hapo ni utando mwembamba mno, aghalabu wenye florini, ambao maji hayashikamani nao. Kusema utando huo "haupitishi maji" ni kuupa sifa ambayo kioo kilikuwa nayo tangu awali, na kuinyamazia kazi yake.

Kazi hiyo haihitaji istilahi ya kutisha. Kila aliyesimama kando ya magimbi baada ya mvua ameiona: maji hujikunja yakawa matone ya mviringo, yakabingirika, na jani likabaki kavu. Mwaka 1997 Barthlott na Neinhuis, wataalamu wa mimea wa Ujerumani, walieleza kwamba siri ya majani ya namna hiyo ni vijinundu vidogo sana pamoja na nta. Tone juu ya jani la gimbi hufanya pembe inayozidi digrii 150. Utando wa lenzi hauna budi kuwa laini ili usitawanye mwanga, kwa hiyo pembe yake huzidi 90 lakini haifikii ile ya gimbi. Sisi tunapendekeza "utando unaokimbiza maji". Wenzetu wengine wanapendelea "unaokataa maji", nasi hatuna ugomvi nao. "Mpako" hatuupendi, kwa kuwa humfanya msomaji adhani ni kitu cha kujipakia mwenyewe.

Ama ile dawa ya kupangusia, hapa kijitabu kimepotoka zaidi. Dawa nyingi za aina hiyo hazikimbizi maji. Huyatandaza yakawa ukanda mmoja mwembamba ulio sawasawa, ili mwanga upite bila kutawanyika. Ni kinyume cha utando tuliokwisha kuutaja, na vitu vilivyo kinyume haviwezi kubeba jina moja.

Kosa lililotusumbua zaidi, hata hivyo, ni "huzuia ukungu". Katika Kiswahili ukungu ni ule wa alfajiri mlimani, na pia ni ule unaoota juu ya mkate uliolala. Kwa darubini mambo hayo mawili yote yapo. Ukungu wa mvuke ulio nje ya lenzi huondoka kioo kikipata joto. Ule unaoota ni kiumbe; hustawi penye giza na unyevu, na ukiachwa hula utando na hatimaye kioo chenyewe. Askari aliyeahidiwa kuwa darubini yake "huzuia ukungu" ataifungia katika mkoba wa ngozi uliolowa, na miezi michache baadaye atakuta nyuzi nyeupe ambazo hakuna kitambaa cha kuzifuta. Mvuke uitwe "ukungu wa mvuke", na huo mwingine uitwe "kuvu", neno ambalo walimu wa biolojia wamekwisha kulizoea. Tusidhani kuwa haya ni ya wawindaji tu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini askari wa hifadhi zake bado hutazama kwa darubini mvuani.

Sentensi ya kijitabu isemayo "Darubini hii haipitishi maji wala ukungu" tungeiandika hivi: "Mwili wa darubini hii hauingii maji, na lenzi zake hazishiki ukungu wa mvuke kwa ndani. Kioo cha nje kina utando unaokimbiza maji. Usikipanguse kikiwa na mchanga. Ikaushe kabla ya kuihifadhi, isije ikaota kuvu."