Miche Mitatu ya Pamba: Kipindi cha Majimaji Kinavyoweza Kupangwa

Mwezi Julai 1905, kijijini Nandete katika milima ya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba lililolimwa kwa amri ya serikali ya Wajerumani, wakang'oa miche mitatu. Kwa kitendo hicho vita vikatangazwa. Kabla Agosti haijaisha, wapiganaji walikuwa wamelishambulia boma la Mahenge.

Katika madarasa mengi ya sekondari kisa hiki hakisikiki. Mwalimu huandika ubaoni sababu za Vita vya Majimaji, kisha mwenendo wake, kisha sababu za kushindwa, na mwisho matokeo. Mwanafunzi hunakili, hukariri, hujibu mtihani. Orodha hizo si za uongo. Kasoro yake ni kwamba zinampa mwanafunzi majibu ya maswali ambayo hajawahi kujiuliza.

Njia nyingine ipo, na ilishajaribiwa hapa hapa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe waliongoza mradi wa utafiti wa Majimaji katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa historia walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioviona vita hivyo au waliosimuliwa na wazazi wao. Hadi wakati huo, sehemu kubwa ya maandishi juu ya Majimaji ilikuwa imetoka kwa watawala na wamisionari. Sehemu ya masimulizi ya wazee ilichapishwa mwaka 1968, na tangu hapo haikuwezekana tena kuvieleza vita hivyo kwa kauli ya Wajerumani peke yao.

Mradi huo ulifuata hatua tatu: swali, ushahidi, kisha hukumu. Hatua hizo hizo zinatosha kujenga andalio la somo la kipindi pacha cha dakika 80.

Kwanza ni swali. Badala ya "taja sababu za Majimaji", kipindi kifunguliwe na tukio la Nandete na swali moja litakalobaki ubaoni mpaka mwisho: kwa nini watu waliotaka kupigana na dola lenye bunduki walianza kwa kung'oa pamba? Swali la namna hii halijibiwi kwa neno moja, na kila mwanafunzi ana pa kuanzia. Dakika kumi zinatosha kukusanya makisio yao bila kumsahihisha mtu.

Pili ni ushahidi, na hapa ndipo mwalimu anapotumia muda wake mwingi wa maandalizi. Darasa ligawanywe katika makundi manne, kila kundi lipewe karatasi moja yenye chanzo kimoja kilichofupishwa.

Kundi la kwanza lipate utaratibu wa mashamba ya pamba ya vijiji ulioanza mwaka 1902. Watu walitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na mapato yaligawanywa mafungu matatu: moja la wafanyakazi wote kwa pamoja, moja la jumbe, na moja la chombo cha kuuzia pamba. Wanafunzi wapige hesabu ya kinachomfikia mtu mmoja ikiwa kijiji kina watu wengi. Kundi la pili lisome masimulizi ya wazee juu ya akida, viboko, kodi na kazi ya kulazimishwa. La tatu lipewe maelezo ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyechapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909 na kuwatupia waganga sehemu kubwa ya lawama. La nne lipate habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji iliwaunganisha watu waliokuwa hawana mtawala mmoja, na ambaye Wajerumani walimnyonga huko Mohoro vita vilipoanza.

Kila kundi lijibu maswali matatu: nani anasema, alikuwa wapi, na alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo? Gavana aliyetakiwa kujieleza Berlin alikuwa na haja ya kuwalaumu waganga kuliko sera zake. Mzee aliyehojiwa zaidi ya miaka 60 baadaye naye anaweza kuwa amechanganya aliyoyaona na aliyosimuliwa. Mwanafunzi anayepima vyanzo vyote viwili kwa mizani ile ile ameanza kazi ya mwanahistoria.

Tatu ni hukumu. Makundi yakisharipoti, kila mwanafunzi aandike aya moja ya kulijibu swali la ubaoni, akitaja vyanzo visivyopungua viwili. Sababu zote zinazotakiwa kwenye mtihani zitajitokeza humo: kodi, kazi za lazima, ukatili wa maakida, imani ya maji. Tofauti ni kwamba sasa kila moja imeshikamana na ushahidi.

Kazi ya nyumbani inaweza kuwa juu ya idadi ya waliokufa. Taarifa rasmi ya Wajerumani ilitaja Waafrika wapatao 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wanafunzi waeleze tofauti hiyo inatoka wapi. Wakitafuta wataikuta njaa iliyofuata baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala ya chakula, nayo iliua wengi kuliko risasi.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ni kivutio kizuri darasani, lakini iingizwe baada ya vyanzo. Mhusika wake ni zao la ubunifu, na mwanafunzi atamtofautisha na Kinjikitile wa Ngarambe endapo tu ameshakutana na huyo wa pili. Shule zilizo karibu na Songea zina makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa Februari 1906. Ziara ya huko ipangwe kwa swali mkononi.

Maandalizi haya hayahitaji projekta wala intaneti. Yanahitaji karatasi nne, swali moja zuri, na mwalimu aliye tayari kunyamaza kwa dakika 30 wanafunzi wakibishana. Walimu wa historia waanze na mada hii moja muhula huu, na wakuu wa shule wawape vipindi pacha vya kuifanyia.