Kidoko Kikigeuka Kisanduku

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wakiwemo wa kijiji cha Munguli wilayani Mkalama, huchimba kiazi pori ambacho watafiti wengi hukiandika //ekwa. Mikwaju miwili ya mwanzo si pambo. Inasimamia kidoko cha ubavuni mwa ulimi, mojawapo ya vidoko vya Kihadza. Sasa jaribu kutengeneza kadi ya darasani yenye jina hilo kwa programu ya Python. Ukiipa picha jina la //ekwa.png, Linux itasoma mikwaju kama njia ya folda, itajaribu kuiweka kwenye mzizi wa diski, na utanyimwa ruhusa kabla hujaiona.

Dawa ni herufi zenyewe. Unicode inazo: ǀ, ǁ, ǂ na ǃ, kuanzia 01C0 hadi 01C3. Hiyo ya mwisho ni pacha wa alama ya mshangao kwa sura tu. Muulize Python: "ǃ".isalpha() hujibu True, "!" hujibu False. Ukikosea hapo, programu inayochambua maneno italikata neno vipande.

Tuje kwenye fonti. Katika Pillow, maktaba ya Python ya kuchora picha, ImageFont.truetype husoma faili la fonti na ukubwa unaoutaka, kisha hukupa kitu cha klasi FreeTypeFont. Ukubwa umeshafungwa humo. Ukitaka kichwa kikubwa na maelezo madogo, andaa viwili, au omba nakala kwa font_variant.

Shida ni ukimya wake. Fonti isipokuwa na ǁ, Pillow hailalamiki, wala haiendi kuazima kwa fonti nyingine kama kivinjari kinavyofanya. Huchora glifu namba 0, ambayo kwa kawaida ni kisanduku kitupu, na kazi ikaisha bila kosa lolote kwenye skrini. Utagundua kadi zikishatoka kwenye printa. Kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa klasi hii: inajua kupima na kuchora, lakini haina methodi ya kuulizwa, "herufi hii unayo?" Wapo wanaoichora herufi kwa getmask, wakachora na nyingine wanayojua haimo, kisha wakalinganisha picha. Ni kuzunguka mbuyu. Fungua faili lilelile kwa TTFont ya maktaba ya fontTools, ita getBestCmap, uangalie kama 0x1C1 imo. Mistari mitatu, na ifanyike kabla ya kuchora chochote.

Fonti ninayoipendekeza ina jina la Kiswahili: Andika. Shirika la SIL liliitengeneza kwa ajili ya wanaoanza kusoma, ndiyo maana a na g zake zinafanana na za mwalimu ubaoni. Vidoko vimo, na leseni yake ni huria.

Kwenye vipimo, anayetumia msimbo wa zamani atakutana na getsize, iliyoondolewa katika toleo la 10 mwaka 2023. Siku hizi getlength hutoa urefu wa neno mlalo, na getbbox hutoa mipaka minne ya mstatili unaolizunguka neno. Hiyo getbbox ina mtego. Katika fonti nyingi ǁ hushuka chini ya mstari, ilhali neno kama "asali" halishuki. Ukipanga kila neno kwa mipaka yake, moja litapanda na jingine litazama. Chukua vimo vya fonti nzima kwa getmetrics, kisha chora kwa anchor="ls", maneno yote yakanyage mstari mmoja.

Ipo pia njia ya kuandika vidoko kwa c, q na x, kama Kizulu na Kixhosa. Hiyo haihitaji fonti maalumu hata kidogo. Kwa hiyo usiyafungie maneno ndani ya msimbo. Yaweke kwenye faili la pembeni lenye safu mbili, ya ǁ na ya x, na mwenye lugha aseme ipi ichapishwe.