Saa Uliyoiunga Mwenyewe: Kazi Iko Wapi?

Anayejisifu kwamba ameunda saa ya mkononi nyumbani, mara nyingi mashine yenyewe hakuiunda. Ameinunua nzima, imeshatiwa mafuta na kupimwa kiwandani, na katika miradi mingi ya aina hii mashine hiyo ni NH35 kutoka Seiko ya Japani. Hakuna cha kuonea haya hapo. Kampuni ndogo kadhaa za saa nazo zinaitumia hiyohiyo. Ila swali la kiufundi linabaki: mashine ikishakuja tayari, kazi ya mikono iko wapi? Iko kwenye mishale na kwenye kijiti cha kitufe. Mengine ni usafi na subira.

NH35 imependwa kwa sababu ni ngumu, haina bei ya kutisha, na vipimo vyake vinajulikana: upana milimita 27.4, unene milimita 5.32. Viwanda vingi vimekubaliana na vipimo hivyo, kwa hiyo ganda unaweza kulinunua huku na uso wa saa kule, vikakutana mezani kwako vikaingiana. Inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, na ikijaa hutembea takribani saa 41 hata ikiwa kabatini. Tena inatiwa ufunguo, na ukivuta kitufe mpaka mwisho mshale wa sekunde unasimama. Ndugu yake mkubwa, 7S26, hakuwa na mambo hayo mawili.

Uso wa saa una vijiguu viwili nyuma vinavyoingia kwenye matundu ya mashine. Kabla ya kulipa, angalia vimekaa wapi. Uso wa ganda lenye kitufe kwenye namba 3 haukai sawa kwenye ganda ambalo kitufe chake kimeshuka kuelekea namba 4: tarehe itakuja imepinda.

Sasa mishale. Usipachike chochote kabla ya kuzungusha kitufe taratibu mpaka tarehe iruke. Hapo mashine imekwambia kwamba ni saa sita usiku. Ndipo unapoweka mshale wa saa na wa dakika, yote miwili ikielekea 12. Ukikadiria tu, utakuwa na saa inayobadili tarehe saa nane mchana. Tundu la mshale wa saa ni milimita 1.50, la dakika 0.90, na la sekunde 0.20. Huo wa mwisho ndio unaotoa watu jasho. Unaulenga kwa lenzi jichoni, unaukandamiza wima kwa kifaa chenye ncha ya plastiki, na ukikandamiza upande, ama unapinda ama unaruka na kupotelea zuliani. Ukishakaa, zungusha saa 24 nzima huku ukiitazama kwa ubavuni. Mishale ikigusana hata mahali pamoja, saa itakuwa inasimama kila ikifika pale, na lawama yote itaangukia mashine isiyo na kosa.

Kijiti huja kirefu kwa makusudi, kwa kuwa kila ganda lina unene wake. Unakiingiza, unapima pengo lililobaki kati ya kitufe na ganda, unakata pungufu ya ulichopima, kisha unamalizia kwa tupa, ukijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Kama kitufe ni cha kukaza kwa kuzungusha, kipime kikiwa kimekandamizwa ndani, maana kina springi yake. Kijiti kilichokatwa kifupi mno hakirefushwi. Bahati nzuri ni kitu cha bei ndogo; agiza viwili.

Vumbi lipulize kwa mpira wa kupulizia, kamwe si kwa mdomo, kwa sababu pumzi hubeba mate. Mpira wa kifuniko cha nyuma upake grisi ya silikoni. Hata hivyo, maandishi ya “mita 200” kwenye uso yasikudanganye: ganda ambalo halijapimwa kwa shinikizo ni la kunawia mikono tu.

Kiwanda kinaruhusu NH35 ichelewe sekunde 20 au iwahi sekunde 40 kwa siku. Unaweza kuikaribisha zaidi kwa kusogeza kiwiko kidogo kilicho juu ya gurudumu la mizani, ukisikiliza mapigo kwa kipimo maalumu chenye maikrofoni. Kuna viwiko viwili vimekaribiana: kimoja cha mwendo, kingine cha ulinganifu wa mapigo. Asiye na kipimo hicho asiguse chochote hapo.

Mwenye kuunga saa namna hii hajawa fundi saa. Fundi hufungua mashine, akasafisha kila gurudumu na kulitia mafuta upya, na hiyo ni elimu nyingine kabisa. Wewe ukitaka kuanza, anza na NH38, ambayo haina tarehe: utakuwa umejipunguzia kazi moja, na nguvu zako zote utaziweka kwenye ule mshale wa sekunde.